Aonje Mama

Tangu atoke gerezani mwaka wa tisini na moja, mume wangu Ilyasi hanywi uji kabla sijauonja, kama mwenyeji anavyoonja pombe mbele ya mgeni kuonyesha haina sumu. Na mimi humo ndimo ninamoficha vidonge vyake vya hospitali, nimevisaga. Basi naonja, na mchana nasinzia.

Leo mama yake kafika kwetu Nyamirambo, kanikuta nimelalia cherehani.

"Mwanangu si mgonjwa," akasema. "Ana mke mvivu."

Mama mkwe huyu hajawahi hata kumfulia mwanawe shuka.

Nikaleta uji. Ilyasi akanitazama, akingoja.

"Leo aonje mama," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyekuzaa."

Mama mkwe akanywa kikombe chote, ili anifundishe mapenzi.

"Mchungu. Hata kupika hujui."

Nikamtandikia mkeka.