Grafu ya Mwasiti

Mwalimu Kibwana alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili. Jana alimsimamisha Mwasiti mbele ya kidato cha nne, akaliinua juu daftari lake. "Hii ni grafu au ngamia mwenye nundu mbili?" aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Leo shule ilikuwa imeletewa programu ya kuchora grafu. Mwalimu akaandika mlinganyo uleule wa jana kwenye kompyuta, na mstari ukajichora ukutani taratibu. Ukapanda, ukabonyea, ukapanda tena, kisha ukashuka. Ilikuwa grafu ya Mwasiti, na nundu zake zote mbili.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akafuta, akaandika upya. Nundu zikarudi.

"Labda mashine imekosea, mwalimu," Mwasiti akasema kwa upole, kama anayemsitiri mtu aliyevuliwa nguo.

Upole ule ndio uliomchoma mwalimu. Angeitikia tu, kipindi kingeendelea.

"Haijakosea," akasema. "Niliyekosea ni mimi. Tena nikakufanya uchekwe."

Akanyanyuka, akamvutia Mwasiti kiti chake mwenyewe pale kwenye kompyuta ili akae. Mwasiti akakitazama kile kiti, akamtazama mwalimu, wala hakuinuka.