Pango la Jumanne

Kila Jumanne, somo la bahari linapoanza, Siwema hupika chapati akiwa amevaa vazi la kuzamia. Sheria ndiyo hiyo: roboti ya mwanafunzi ikinasa chini ya maji, mzazi ndiye anayezama kuinasua. Jirani yao alizama mwezi jana, na mpaka leo hajaibuka.

Mezani, bintiye Raya alikuwa akiiongoza roboti yake kwenye skrini.

“Mama, kuna pango! Mwalimu anauliza nani ataingia.”

“Wenzako wanasemaje?”

“Kimya. Waoga hao!”

“Si waoga, mwanangu. Wanawaonea huruma mama zao.”

“Lakini kuna kitu kinang'aa mle ndani. Naingia kidogo tu.”

Siwema hakumkataza, maana naye alitaka kukijua. Akaepua chapati, akaanza kuvua herini zake.