Ndege Mwenye Bawa Lililokatika

"Mteja kakurudishia kazi yako," shangazi alisema, akiweka kadi mezani. "Labda ndege wako hajui kuruka."

Mtengeneza kadi alicheka, akauweka chini muhuri aliokuwa akiupaka wino. Kisha akaitazama ile kadi, akaacha kucheka.

Ndege yule alimjua. Alimchonga mwenyewe kwenye kipande cha raba, kisu kikateleza, ncha ya bawa ikakatika. Muhuri huo aliuacha nyumbani kwa mumewe, siku aliyotoroka na nguo za mwilini tu.

Mkono ulioupiga aliujua pia. Muhuri hubonyezwa taratibu, kisha ukainuliwa wima. Mara ngapi alimwelekeza! Lakini mumewe kila kitu alikikandamiza kana kwamba kimemtukana. Ndiyo maana hata kingo za raba zilikuwa zimechapa, mistari myeusi ikimzunguka ndege kama kizimba.

Akaligusa bawa. Wino ukamshika kidoleni. Ulikuwa haujakauka.

"Shangazi," aliuliza, "nani kaileta?"

Shangazi hakuwahi kumwona mume yule hata kwa picha.

"Kijana mmoja, ana adabu zake! Kaniamkia, kanishika mkono kwa mikono yote miwili."

Kiganja cha shangazi kilikuwa kimechafuka wino mweusi.

"Yuko wapi?"

"Mgeni haachwi juani, mwanangu." Shangazi akageuka, akalifunua pazia la sebuleni. "Pita tu, baba. Yupo huku."