Karibu Bila Hodi

Barua pepe ilisema: thibitisha akaunti yako sasa hivi, la sivyo picha zote zitafutwa. Kidole gumba changu, chenye mafuta ya mtoto, kilikuwa juu ya kitufe. Picha za binti yangu zilikuwa humo zote, tangu alipozaliwa.

"Mama, wanataka nithibitishe," nilimwambia mama mkwe, aliyekuwa akikunja nepi.

"Kwani ulikuwa umebisha hodi kwao?"

"Hapana."

"Sasa hiyo karibu ya nini?"

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ya kompyuta alitufundisha hilohilo kwa saa mbili nzima: usibonyeze kiungo ambacho hukukiomba.

Niliifuta barua, nikaingia kwenye akaunti kwa njia yangu ya kila siku.

Picha ya kwanza ikafunguka polepole: kiganja cha mtoto wa siku moja, kimeng'ang'ania kidole gumba hikihiki.