Vigae vya Mama Mkwe

Fundi alipobandika kigae cha mwisho chumbani kwa mama mkwe wake, maboksi yaliyobaki yalikuwa bado yameziba dirisha la sebule.

“Baba, haya mengine ni ya chumba gani?” mama mkwe aliuliza. “Au unanijengea hospitali?”

Masikio ya fundi yakawaka moto. Chumba alikipima kwa futi, dukani wanauza kwa mita za mraba. Mita ni kama futi tatu, lakini kugeuza eneo, aligawa kwa tatu mara moja tu, ya urefu. Ya upana aliisahau, akaagiza vigae karibu mara tatu ya vilivyohitajika. Na mama mkwe alikuwa ameuza cherehani yake kununua vigae hivyo, ambavyo duka halivipokei tena.

“Ngoja kidogo, mama,” akasema, macho chini.

Akachomoa tepu, akapiga magoti, akakipima upya chumba kile kile, kana kwamba huenda kimekua.