Daraja la Watoto

Mgeni kutoka serikali ya nchi ya mbali alikuwa ameshafungua kalamu. Kwenye mkataba wa daraja ilibaki sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye wote walimwita Mama Nondo, maana alikunja vyuma vya ujenzi kwa miaka thelathini kabla ya kuchaguliwa.

"Ni msaada tu, mama," mgeni alisema. "Watoto wavuke mto waende shule. Hatutaki chochote."

Mama Nondo aliokota kipande cha nondo kilicholetwa kama sampuli, akakizungusha kiganjani. Kilikuwa kinene kama mpini wa jembe. Akauvuta mchoro wa daraja, akaufuata kwa kidole mpaka palipoandikwa uzito litakaoweza kubeba: tani sitini.

"Mwanangu," aliuliza kwa upole, "ni mwanafunzi gani huyo mwenye tani sitini?"

Mgeni akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Dirishani, ng'ambo ya mto, ulionekana mlima. Mwaka jana wapimaji wa nchi hiyo hiyo waliutoboa matundu, wakaondoka na mifuko ya mawe bila kusema neno.

Mama Nondo akaifunika kalamu, akamrudishia mwenyewe.

"Keti vizuri. Daraja tumelielewa. Sasa tuongee habari za mlima."