Sauti ya Jirani

Mwanakheri alikuwa akimenya mbaazi huku akimwita mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mezani pale pale sebuleni. Kombo hakugeuka. Kila aliyeajiriwa kufanyia kazi nyumbani alitakiwa kuvaa, usiku na mchana, vidude vya masikioni vilivyojifunza sauti za watu wa nyumba yake na kuzifuta, ili kazi isizorote. Sauti ya mke ndiyo iliyofutwa kwanza.

Akaweka ungo chini, akatoka nje, akajibana pua.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, karibu," Kombo akaitika kwa uchangamfu ambao Mwanakheri aliukosa tangu masika. "Nani mwenzangu?"

"Jirani mgeni. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, yupo. Ananipikia, ananicheka ninavyokula. Ila sauti yake, jirani, nimeisahau ilivyokuwa."

Mwanakheri akaachia pua.

"Ndiyo hii, Kombo."

Kombo akatega sikio.

"Jirani? Umeshaondoka?"

Akarudi ndani polepole, akafunika mbaazi zilizobaki. Angezimalizia kesho, kisha abishe hodi tena, kama vidude vitakuwa havijaijua na sauti ya jirani.